KUMWUGUZA MGONJWA MAHUTUTI
Jinsi mwanafunzi wa uuguzi afundishwavyo kuiona hatari kabla haijafika

Katika nyumba nyingi za Kenya, mijini na mashambani, habari ikifika kwamba ndugu ametiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, watu huanza kulia kabla hawajaambiwa hali yake. Husemwa kwamba chumba kile ni cha kungojea kufa, na kwamba mtu aliyetiwa mipira na nyuzi za mashine harudi tena nyumbani kwake. Wengine huwaona wauguzi vijana wakipita huku na huku, wakitazama saa na kuandika katika karatasi, wakaulizana, "Mbona hawa wanaandika tu? Mgonjwa wetu atatibiwa lini?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa.

Mgonjwa mahututi ni mtu ambaye kimoja au zaidi cha viungo vinavyoshika uhai wake, yaani mapafu, moyo, ubongo, mafigo na vinginevyo, kinakaribia kushindwa na kazi yake, naye aweza kufa katika muda wa saa chache au hata dakika chache asiposaidiwa. Katika Kenya watu wazima huifikia hali hiyo kwa njia nyingi: ajali za barabarani, homa ya mapafu, malaria kali, kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, ugonjwa wa kisukari, kuungua moto, sumu, na kuumwa na nyoka. Chumba cha wagonjwa mahututi hakikuwekwa kwa ajili ya kufa. Kiliwekwa kwa sababu wako wengi wanaoweza kupona, ikiwa tu hawaachwi bila mtu wa kuwaangalia. Kazi hiyo ya kuangalia ni ya muuguzi, wala hakuna mtu azaliwaye akiijua. Ni kazi ya kufundishwa.

Wanafunzi wa Copenhagen

Ili kufahamu maana ya mafunzo hayo, yafaa kukumbuka jinsi vyumba hivi vilivyoanza. Katika mwaka 1952 mji wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, ulipatwa na ugonjwa mkali wa kupooza uitwao polio. Siku nyingine Hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa wapya hamsini kwa siku moja. Wengi wao misuli ya kuvutia pumzi ililegea kabisa. Katika wiki tatu za kwanza wagonjwa 31 wa namna hiyo walitibiwa, na 27 kati yao wakafa. Hospitali ilikuwa na mashine kubwa moja tu ya kupumulia, na nyingine sita zilizo dhaifu kuliko hiyo.

Ndipo alipoitwa daktari wa kuwatia wagonjwa usingizi wa kupasuliwa, jina lake Bjørn Ibsen. Tarehe 27 Agosti mwaka huo aliletewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Msichana akatobolewa koo, akatiwa mpira ndani yake, na hewa ikasukumwa mapafuni mwake kwa mfuko wa mpira uliokuwa ukibanwa na mkono wa mtu. Msichana akaokoka.

Lakini mfuko haujibani wenyewe, na wagonjwa walikuwa wengi. Basi wakaitwa wanafunzi kama 1,500 waliokuwa wakisomea udaktari na udaktari wa meno. Wakaketi kando ya vitanda kwa zamu, mchana na usiku, kila mmoja akibana na kuachia, akibana na kuachia, huku akimtazama mgonjwa usoni ajue kama pumzi inamtosha. Vifo vikapungua mpaka vikawa kama robo tu ya wagonjwa wa namna hiyo. Katika Desemba 1953 Ibsen akafungua katika hospitali nyingine ya mji huo chumba ambacho watu wengi hukihesabu kuwa chumba cha kwanza cha wagonjwa mahututi duniani.

Watu wa Copenhagen hawakuokolewa na mashine, kwa maana mashine hazikuwako za kutosha. Waliokolewa na vijana waliofundishwa jambo moja, wakalifanya bila kusinzia. Siku hizi mashine ni nyingi kuliko wakati ule, lakini kanuni haikubadilika: mashine isiyo na mtu aijuaye kando yake ni chuma tu. Kenya nayo ililiona jambo hilo baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini mwezi wa Machi 2020. Kitanda na mashine vyaweza kununuliwa kwa muda mfupi, lakini muuguzi wa kuvisimamia hapatikani kwa wiki mbili.

Kutoka darasani mpaka kitandani

Mwanafunzi wa uuguzi katika Kenya husoma kwa muda wa miaka mitatu au zaidi apate diploma, au miaka minne apate shahada ya chuo kikuu, kisha hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi ili jina lake liandikwe katika daftari ya wauguzi. Baada ya kufanya kazi, akipenda, aweza kurudi darasani kujifunza hasa uuguzi wa wagonjwa mahututi. Chuo cha Mafunzo ya Uganga cha Kenya, kijulikanacho kama KMTC, ni kimoja cha vyuo vinavyotoa diploma ya juu ya kazi hiyo. Lakini kila mwanafunzi, hata asiyekusudia kufanya kazi katika chumba kile, hana budi kujifunza misingi yake, kwa sababu mtu hawi mahututi katika chumba cha mahututi tu. Aweza kuwa mahututi katika wodi ya kawaida, katika zahanati, au katika benchi akingoja zamu yake ya kuonwa.

Kwanza mwanafunzi hujifunza darasani jinsi mwili ulivyo wakati wa uzima. Kisha hujizoeza kwa sanamu la mtu lenye kifua kinachobonyea. Sanamu la namna hii lilitengenezwa mwaka 1960 na Åsmund Lærdal, mtu wa Norway aliyekuwa akiunda vitu vya watoto vya kuchezea. Mwanafunzi hujifunza kwamba moyo wa mtu mzima ukisimama yampasa kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kiasi cha sentimita 5, wala asipite 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Na kila baada ya mara 30 mgonjwa apewe pumzi mbili. Kazi hii huchosha mikono upesi sana, hata kwa kijana mwenye nguvu, na kwa hiyo wanafunzi hufundishwa kupokezana kila dakika mbili. Darasani akikosea, sanamu halifi. Hiyo ndiyo faida yake: makosa yafanywe pale, yasije yakafanywa kwa baba au mama wa mtu.

Herufi tano

Mtu aliyeshikwa na hofu husahau. Kwa ajili hiyo mambo ya kutazama yamepangwa kwa herufi tano, A mpaka E, na mwanafunzi huyarudia mpaka yamkae kichwani kama jina lake.

Herufi ya kwanza ni njia ya hewa. Je, iko wazi? Mgonjwa asiyejitambua aweza kuzibwa koo na ulimi wake mwenyewe, au na matapishi. Ya pili ni pumzi. Kifua chapanda pande zote mbili? Pumzi ni ngapi kwa dakika? Ya tatu ni mzunguko wa damu: mapigo ya moyo, mkazo wa damu, ubaridi wa mikono, na kiasi cha mkojo. Ya nne ni fahamu: yu macho, aitika akiitwa, ahisi maumivu tu, au haitiki kabisa? Ya tano ni kumfunua mgonjwa kwa adabu na kumtazama mwili mzima, mbele na nyuma, lisije likafichwa jeraha au alama ya meno ya nyoka chini ya blanketi.

Mambo haya hufuatwa kwa taratibu hiyo, wala hayarukwi, kwa sababu lile linaloua upesi zaidi ndilo lililotangulizwa. Haifai kushughulika na mguu uliovunjika huku koo limezibwa.

Kuna pia chombo kidogo cha kubana kidoleni, kinachopima kwa mwanga kiasi cha oksijeni katika damu. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyevumbua njia yake katika miaka ya 1970. Kwa kawaida mtu mwenye afya huonyesha 95 kwa mia au zaidi. Lakini mwanafunzi huonywa asikiamini chombo hicho kuliko macho yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba mara nyingine chombo hicho hutoa hesabu iliyo juu kuliko kweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Basi mgonjwa akihema kwa shida, huku chombo kikisema yu salama, ni mgonjwa wa kusadikiwa. Tena kwa mtu mweusi rangi ya buluu ya kukosa hewa hutafutwa ndani ya midomo na katika ulimi, maana ngozi yaweza kuificha.

Usiku mmoja katika wodi

Na uchukuliwe mfano. Mzee wa miaka hamsini na mitano amelazwa katika wodi ya wanaume kwa homa ya mapafu. Saa nne ya usiku mwanafunzi wa zamu ampima: avuta pumzi mara 18 kwa dakika, na moyo wapiga mara 88. Mzee azungumza naye, anywa na uji kidogo. Saa sita pumzi ni 22 na mapigo ni 104. Mzee asema hana neno, amechoka tu. Saa nane mwanafunzi arudi, amkuta amenyamaza, macho nusu wazi.

Hapo ndipo mafunzo yanapoonekana. Mtu asiyefundishwa atasema, "Alhamdulillahi, sasa amepata usingizi, asisumbuliwe." Atanakili katika karatasi hesabu zile zile za saa nne, akaendelea na kazi nyingine. Kosa la namna hii lajulikana katika hospitali za nchi nyingi, hasa katika kuhesabu pumzi, kwa kuwa kuhesabu pumzi kwataka kusimama dakika nzima na saa mkononi, na muuguzi ana wagonjwa wengi wa kuwafikia. Kulipopambazuka mzee huyo angekutwa amepoa, na ndugu zake wangeambiwa kwamba alikufa ghafula. Lakini hakufa ghafula. Mwili wake ulikuwa ukitoa habari tangu saa sita, ila hakuna aliyeisoma.

Mwanafunzi aliyefundishwa amgusa bega na kumwita, "Mzee, hapa ni wapi?" Mzee ajibu kwamba yuko shambani, anangoja lori la maziwa. Basi mwanafunzi asimama akahesabu: pumzi 28, mapigo 124, oksijeni 92, mkazo wa juu wa damu 98, joto 38.9. Katika Uingereza kuna karatasi ya kuhesabu hatari iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari mwaka 2012 na kusahihishwa mwaka 2017, na nchi nyingine zina karatasi za mfano huo. Kila kipimo hupewa alama. Kipimo kizuri hupata sifuri, kibaya sana hupata 3, kisha zote hujumlishwa. Jumla ikifika 7 au zaidi, msaada wa haraka lazima uitwe. Saa sita, vipimo vingine vikiwa bado vizuri, mzee huyu alikuwa na alama 3. Sasa anazo 13.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Karatasi ile ambayo ndugu huiona kama kazi ya kuandika tu ndiyo taa ya kuuonyesha ufa.

Ulimi wa kusema

Kuona hakutoshi. Mwanafunzi ni kijana, na ni saa nane ya usiku. Daktari wa zamu amelala kidogo baada ya kazi ya siku nzima. Kijana amelelewa kwa desturi njema ya kutowasumbua wakubwa, naye aogopa kukemewa. Wagonjwa wamekwisha kufa kwa sababu ya hofu hiyo, si katika nchi moja tu. Kwa hiyo siku hizi wanafunzi hufundishwa hata namna ya kusema, na hujizoeza darasani, mmoja akijifanya daktari aliyekasirika kwa kuamshwa.

Maneno hupangwa kwa sehemu nne: ni nani na ana nini sasa, aliletwa kwa sababu gani, yameonekana mambo gani, na kinatakiwa kitu gani. Hivi: "Daktari, ni mwanafunzi wa zamu, wodi ya wanaume. Mgonjwa wa kitanda cha 7 hali yake imebadilika. Aliletwa jana kwa homa ya mapafu. Pumzi zilikuwa 18, sasa ni 28, mapigo ni 124, mkazo wa damu umeshuka mpaka 98, tena amechanganyikiwa. Nadhani ugonjwa umeingia katika damu. Sista amekwisha kumpa oksijeni. Nakuomba uje sasa hivi."

Hakuna utovu wa adabu katika maneno hayo. Daktari asipokuja, mwanafunzi hufundishwa kumwita tena, kisha kumwendea aliye mkubwa zaidi. Heshima kwa mkubwa si kumnyamazia mpaka mgonjwa afe. Na daktari akiagiza dawa kwa simu, aipokeaye huirudia kwa sauti, jina na kipimo, ili lisije likasikiwa jambo moja na kufanywa jingine. Katika ugonjwa wa namna hii dawa ya kuua vijidudu ikiingia mshipani kabla saa moja haijapita, mzee ana tumaini kubwa la kurudi kwenye shamba lake.

Mwili usioweza kujisaidia

Mgonjwa akiisha kutiwa katika mashine ya kupumulia, muuguzi huwa mikono yake na kinywa chake. Mwanafunzi hufundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya kulalia, kumsafisha kinywa, kuyalinda macho yasikauke, kuinua upande wa kichwa cha kitanda, ili mate na chakula visiingie mapafuni, kuvuta makohozi katika mpira kwa muda mfupi sana, kwa kuwa wakati wa kuvuta mgonjwa hapati hewa, na kunawa mikono kabla ya kumgusa na baada yake, kila mara, bila kuhesabu ni mara ya ngapi.

Tena hufundishwa kuzungumza naye. Mgonjwa asiyeweza kujibu huenda akasikia. Basi muuguzi husema, "Mzee, sasa ni asubuhi. Upo hospitali. Nitakugeuza upande wa kushoto, usiogope." Waliopona wengine wamesimulia kwamba jambo lililowatisha lilikuwa kushikwa na mikono wasiyoijua bila kuambiwa neno.

Wala haifichwi kwa mwanafunzi kwamba wagonjwa wengine watakufa hata kazi ikifanywa vizuri. Hufundishwa kuwaambia ndugu ukweli kwa upole, wakiwa wameketi, bila maneno ya kuzungusha, na kuuosha na kuufunika mwili kama mwili wa mtu wake. Walimu wenye busara humwita mwanafunzi kando baada ya kifo chake cha kwanza, wakamwacha aseme, na alie akitaka. Asiyesaidiwa siku hiyo huenda akaacha kazi, au akabaki kazini na moyo uliokufa ganzi, na hilo la pili ni baya zaidi.

Yawapasayo ndugu

Ndugu wa mgonjwa nao wana sehemu yao. Kwanza, wamlete mgonjwa mapema. Mtu anayehema kwa shida, aliyechanganyikiwa ghafula, asiyeamka vizuri, anayetokwa na damu isiyokoma, au asiyekojoa tangu jana, si wa kungojewa mpaka kuche. Pili, waseme kweli juu ya dawa zote alizokunywa, za duka na za mitishamba pia, bila kuona haya, kwa maana dawa mbili zisizojuana zaweza kuua. Tatu, wasikasirike wakiambiwa waingie mmoja mmoja na kunawa mikono. Vijidudu visivyomdhuru mtu mzima wa afya vyaweza kummaliza aliye dhaifu.

Nne, na hili ni kubwa, waseme wanapoona mabadiliko. Mke au mwana humjua mgonjwa kuliko mashine. Akimwambia muuguzi, "Mwanangu, baba si kama alivyokuwa asubuhi," muuguzi aliyefundishwa vema hatamjibu kwamba aondoke asisumbue. Atakwenda kitandani, atatoa saa yake, naye atahesabu pumzi dakika nzima.

Na wazazi wenye binti au mwana aliyefaulu vizuri katika masomo ya viumbe na hesabu, aliye mvumilivu na asiyeona kinyaa kumhudumia mgonjwa, wasimzuie akitaka kujifunza kazi hii. Huenda siku moja, saa nane ya usiku, mwana wa mtu mwingine aliyefundishwa vivyo hivyo akawa ndiye asimamaye kando ya kitanda chao, akihesabu.